Jumba la samaki la njia ya Entebbe: nendeni kwa ajili ya vijisamaki vya nkejje, sangara ataonekana tu

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kangaja, samaki wa baharini, na habari zake zinakuja. Mwenye haraka achukue hili: nenda, hasa kama una kamera na subira, lakini nenda asubuhi ya siku ya kazi, na tangi kubwa la mlangoni lisikumalizie muda.

Barabarani hakuna kibao. Kwa taksi ya kutoka Kampala unashuka Abayita Ababiri, unamwambia bodaboda akupeleke kwenye samaki, naye hatakuuliza samaki gani. Njia ni ya murram na inateremka kuelekea Ziwa Victoria, kwa hiyo siku ya mvua viatu vyeupe viache nyumbani. Kiingilio ni shilingi 15,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mtoto. Kamera ya kubadilisha lenzi inalipiwa 20,000 juu yake, simu ni bure. Sheria hiyo mpaka leo haijaniingia akilini. Kijana aliyenitangulia mlangoni alikuwa na simu ya lenzi tatu ambayo bei yake inanunua kamera yangu na chenji inabaki, akapita kama upepo, mimi nikabaki nahesabu noti.

Kipimo changu mkijue. Kazi yangu ni kupiga picha za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, na za harusi. Nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Uganda, na samaki nimewajua sokoni na jikoni kabla ya kuwajua kwenye kioo. Kamera ni Nikon D7200, ya zamani sasa, na lenzi niliyokuwa nayo siku hiyo ni Tamron ya milimita 90, ile ya kupigia vitu vidogo, ambayo arusini naitolea mkobani kwa ajili ya pete tu. Nilikwenda na wifi yangu na mwanangu wa kiume. Wifi hapendi samaki walio hai. Alikuja kwa sababu ya kantini.

Jengo lilikuwa ghala, na aliyeligeuza alijua anachokifanya. Kuta za ndani zimepakwa rangi nyeusi kuanzia sakafuni hadi juu, madirisha yamezibwa, na mwanga unatoka ndani ya matangi. Kwa mpiga picha hiyo ni neema. Adui mkubwa wa picha za samaki ni kioo chenyewe: kikipata mwanga nyuma yako, unapiga picha ya shati lako. Hapa, ukivaa nguo nyeusi (buibui langu lilifanya kazi nzuri kuliko kifaa chochote cha dukani), robo tatu ya shida imekwisha kabla hujaitoa kamera.

Isipokuwa kwenye tangi la mlangoni. Hapo ndipo walipomweka sangara, mputa kwa jina la hapa, kwa kuwa ndiye kila mtu anayemuulizia, na hapo ndipo mlango unapoachwa wazi mchana kutwa. Mwanga wa nje unapiga kioo chote. Halafu kioo chenyewe kina mikwaruzo, na kwa kimo cha mtoto wa chekechea kuna mstari mzima wa alama za viganja. Samaki ni mkubwa wa kutosha kumtoa mtu sauti, ingawa bado ni mdogo kwa jamaa zake, maana sangara aliyekamilika anaweza kufika karibu mita 2 na kilo 200. Nilichopata cha maana kwake ni jicho. Ukisimama upande wa kushoto, mbali na mlango, ukamsubiri aje kwenye kona yenye giza, jicho linarudisha mwanga kwa rangi ya dhahabu, dhahabu kabisa, kama la paka usiku. Piga hilo, uendelee na safari.

Bango lake limeandikwa vizuri na halimfichi. Linasema aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka maziwa mengine, kwamba kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na kwamba ndiye aliyelisha viwanda vya minofu na ndiye aliyewamaliza samaki wadogo. Yote mawili yamo, bila kumfanya shujaa wala shetani. Ningependa mabango mengine yangekuwa na uangalifu huo.

Maana bango la ngege, samaki wa jamii ya tilapia, lina kasoro. Limeandikwa kwamba hawa ni ngege wa asili wa ziwa. Mtazame mkia. Una mistari ya kusimama, myembamba, mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa pezi. Huyo ni tilapia wa Nile, mgeni naye, aliyeletwa katika miaka ileile ya sangara. Ngege wa asili hana mistari hiyo, na siku hizi ziwani haonekani karibu kabisa. Waliobaki wako kwenye vimaziwa vya pembeni. Nilimwambia mhudumu, naye akaenda kuinama mbele ya kioo, akatazama muda mrefu, akarudi akasema, "Mama, kweli. Nitamwambia bosi." Sijui kama bango limebadilishwa. Mkienda, tazameni mkia.

Mhudumu huyo ni sababu mojawapo ya nyota zangu nne. Ni kijana wa Arua, Kiswahili chake kinatiririka, na hakai kwenye kiti akachezea simu. Ukimuuliza jambo asilolijua, anakwambia halijui. Ndiye aliyetupeleka kwa mmamba, yule ambaye watu wa Kisumu wanamwita kamongo.

Hapa ilibidi nisimame kwa sababu ya mwanangu. Baba yake ni wa ukoo wa Mmamba wa Buganda, ambao mwiko wao ni kumla samaki huyu, kwa hiyo na yeye ni Mmamba, na samaki huyo hajawahi kuingia nyumbani kwetu wala hataingia. Mtoto amekua akijua mwiko wake bila kumwona mwenye mwiko. Akaganda pale mbele ya kioo. Samaki mwenyewe si wa kuvutia kwa sura: mrefu, rangi ya matope, mapezi manne kama kamba za viatu, na macho madogo yasiyojali. Amelala chini hana habari na mtu. Kisha akanyanyuka polepole, akasukuma pua nje ya maji, akafungua kinywa na kuvuta pumzi kwa sauti ambayo wifi yangu aliisikia kutoka kwenye tangi la pili. Akazama tena, na mapovu mawili matatu yakatoka pembeni mwa kichwa. Huyu samaki ana mapafu, na akizuiwa kufika juu anakufa maji kama mimi na wewe. Mwanangu akauliza, "Mama, anapumua?" Nikamwambia anapumua. Akasema, "Basi ndiyo maana hatumli." Sikumsahihisha. Babu yake atamweleza kwa kirefu.

Kumpiga picha akivuta pumzi, usimfuate. Weka fokasi kwenye uso wa maji pale anapopendelea kutokea, kwa mkono, si kwa otomatiki, halafu ngoja. Atarudi tu, hana njia nyingine.

Tangi la kasulu, yaani domodomo, nusura nilipite kwa sababu ndani yake kuna bomba la plastiki na giza. Mhudumu akaniita nirudi. Pembeni ya tangi wametumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na spika ndogo, ya zile za redio, na spika inatoa mlio: tk, tk, tk-tk, tk. Huyo ni samaki mwenyewe. Anatoa umeme hafifu, haumdhuru mtu, na kwa umeme huo anapapasa dunia yake gizani, anajua jiwe liko wapi na chakula kiko wapi. Mhudumu akasogeza ufito wa chuma majini taratibu. Mlio ukaharakisha mpaka ukawa kama mahindi yanayoruka sufuriani, halafu mdomo mrefu uliopinda chini ukachungulia kutoka kwenye bomba. Picha niliyopata haifai kitu, imejaa chengachenga. Lakini kama ningeambiwa nilipe kiingilio kwa ajili ya spika ile peke yake, ningelipa, hata ule wa kamera.

Sasa nkejje. Wakaao upande wa Tanzania wanawaita furu. Hapa Uganda tumezoea kuwaona wakiwa wamekaushwa na kubanwa kwenye vijiti, wanauzwa kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo, na rangi yao ni ya moshi. Ukinunua wabichi mwaloni ni vijisamaki vya kijivu, na maji yenyewe ya kijani hayakuonyeshi kitu. Kwa hiyo ukifika kwenye tangi lao la nyuma kabisa, refu, lenye mawe meusi, utadhani umeletewa samaki wa kununuliwa ng'ambo. Kuna madume ya buluu iliyoiva, kuna yenye mgongo mwekundu na tumbo la kijani, kuna meusi yenye ukingo wa pezi uliochovywa damu. Wote ni wa humu humu. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hawa, na inakadiriwa karibu 200 zimepotea tangu sangara alipoongezeka. Na sangara si peke yake. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba majike huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka hadi rangi zisionekane, aina moja inachanganyika na nyingine na mipaka inafutika. Nikiwa nimechuchumaa pale na kamera usoni, jambo hilo lilikuwa rahisi kuliamini. Jike la kijivu lilipita mbele ya dume jekundu bila kugeuka, likaenda moja kwa moja kwa la buluu.

Hapo ndipo nilipokaa karibu asubuhi nzima, na hapa ndipo nitakapowaeleza namna ya kupiga.

Fleshi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, kioo kingekurudishia. Lenzi iguse kioo, au ikaribie kugusa, na iwe imesimama wima nacho; ukiipinda kidogo tu, kioo kinene kinaivuta picha na samaki anapata ukungu upande mmoja. Mimi nilikuwa na kofia ya lenzi ya mpira, ile inayokunjika, ambayo inaziba mwanga wa pembeni na haikwaruzi. Asiyekuwa nayo, hata soksi nyeusi iliyokatwa kidole inatosha. Stendi ya miguu mitatu wanaikataza, na wako sahihi, njia ni nyembamba. Shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde kwa madume yanayofukuzana. Kwa mwanga wa pale hiyo ilinilazimu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, hadi 3200, na kwenye pembe za tangi 6400.

Kuna tatizo moja ambalo mwenye jumba angelimaliza kwa pesa kidogo. Taa za LED walizofunga juu ya tangi hili zinapepesa. Jicho halioni, kamera inaona: picha moja inatoka na mwanga mzuri, inayofuata kijivu, ya tatu njano. Ukishusha shata hadi 1/100 au 1/50 picha zinatulia, kwa sababu umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, lakini kwa mwendo huo samaki anabaki mstari wa rangi. Kwa hiyo unapiga nyingi na kutupa nyingi. Aliyejenga ukumbi mweusi namna hii asingepaswa kubania kwenye taa.

Na usimfukuze samaki kwa lenzi. Kila dume lina eneo lake, kipande cha changarawe kisichozidi upana wa sinia, na linarudi palepale kila baada ya ugomvi. Chagua dume moja, weka fokasi kwenye jiwe lake, tulia. Ukikaa kimya utaanza kuona mambo. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, dume lina madoa ya duara, ya rangi ya chungwa, yenye ukingo hafifu, yanayofanana na mayai. Jike likishataga huyachukua mayai kinywani, kisha hufuata yale madoa likidhani limeacha mengine, na hapo ndipo dume linapoyarutubisha. Baada ya hapo jike linafunga mdomo na kuyalea humo wiki mbili hadi tatu. Palikuwa na jike moja kwenye kona ya kulia, koo limevimba, taya limeshuka kidogo, halili chakula kilichorushwa mbele yake ingawa wengine walikuwa wanararuana. Mhudumu akasema, "Hilo lina mtoto mdomoni, mama, ngoja."

Kama saa tano hivi umeme ukakatika. Taa zote zikazima, mtoto wa mtu akapiga ukelele, pampu za hewa zikanyamaza kisha zikaanza tena kwa betri. Wifi yangu akaniita twende kantini. Lakini juu ya tangi la nyuma kuna bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, ambalo walilisahau au lilikuwa ghali kulibadilisha, na ghafla mwanga pekee ndani ya ghala zima ukawa ule wa jua unaoshuka moja kwa moja majini. Hakuna kupepesa. Rangi zikakaa mahali pake. Jike la kona ya kulia likafungua kinywa, na wingu la vifaranga likatoka, kila mmoja macho matupu na mkia. Wakaelea mbele ya uso wake. Dume lilipojitupa upande ule, mama akainamisha kichwa tu, na wote wakaingia ndani kwa pamoja, wa mwisho akijikunja ili apite. Nimezipata picha zote, kuanzia wanatoka hadi yule wa mwisho. Jenereta ilipowashwa, zile taa za LED zikarudi na ubaya wake, na mimi nikafunga lenzi.

Kangaja sasa. Kwenye chumba cha pembeni kuna matangi mawili ya maji ya chumvi, yameongezwa karibuni, na nafikiri yameongezwa kwa sababu watu wanataka kuona bahari. Katika moja kuna samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao watoto wote wanawajua kutoka kwenye katuni, wanajisugua kwenye minyiri ya kiumbe laini kilichong'ang'ania jiwe, na wanaonekana hawana shida. Katika la pili yumo kangaja, wa buluu ya mawingu na mgongo wa njano. Tangi lake halizidi urefu wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Kangaja si samaki wa kukaa. Kwetu unamwona kwenye mwamba akichunga mwani mwendo mrefu, anaingia huku, anatokea kule, na wenzake nyuma yake. Huyu alikuwa anakwenda mpaka kioo, anageuka, anarudi mpaka kioo, anageuka, na kila mgeuko ni uleule. Picha zake zingetoka vizuri sana, mwanga wa chumba hicho ni bora kuliko wote. Sikupiga. Nilimuuliza msimamizi aliyekuwa ofisini, akajibu kwamba tangi kubwa limeagizwa. Jibu lake lilikuwa fupi na macho yalikuwa kwenye kompyuta. Kama limeagizwa kweli, nitarudi kuongeza nyota. Kama halikuagizwa, wamtoe, wabaki na samaki wa ziwa, wanaowajua na wanaowatunza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mengine kwa ufupi. Choo ni safi na maji yapo. Ngazi ya kushukia chumba cha chumvi haina pa kushika, wenye wazee wawe macho. Mabasi ya shule huanza kuingia saa nne, na yakija mawili kwa pamoja huwezi tena kukaribia kioo. Kantini wanauza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), chai ya maziwa, na ngege mzima wa kukaanga na chipsi, mlango wa pili kutoka kwa ngege aliye hai. Mwanangu alikataa ngege akala rolex. Wifi aliagiza ngege, akala mpaka macho ya samaki, akasema kantini peke yake inastahili nyota tano.

Malipo yote ni kwa simu au taslimu, kadi hawapokei, na risiti ya kamera itunze kwa sababu mlinzi wa getini anaiuliza tena ukitoka. Jumatatu hawafungui, ndiyo siku ya kubadilisha maji na kusugua vioo, kwa hiyo mwenye kamera aende Jumanne, mlango ukifunguliwa tu saa tatu asubuhi, kabla viganja vya watoto havijafika.